Mfupa wa Paja Uliogoma Kuunga

SWALI: Daktari, mama yangu ana umri wa miaka 71 na ninaishi naye hapa Unguja. Kwa miaka minane amekuwa akimeza kidonge kimoja kila wiki cha kuimarisha mifupa, ambacho dada yangu humletea kutoka Maskati. Miezi saba iliyopita alikuwa jikoni, akageuka ili ateremshe sufuria, na paja la kushoto likavunjika kabla hajaanguka. Alipasuliwa na kuwekewa chuma ndani ya mfupa, lakini eksirei bado inaonyesha ufa. Kidonge anaendelea nacho. Jamaa wanataka tumpeleke kwa fundi wa viungo akachuliwe. Tufanye nini?
Msomaji, Unguja

JIBU: Poleni sana, na umfikishie mama salamu zetu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya maneno machache uliyoyataja kama ya kupita tu, kwamba paja lilivunjika kabla mama hajaanguka. Mwenye osteoporosisi, yaani mifupa iliyopoteza uimara, kwa kawaida huanguka kwanza ndipo avunjike, na mara nyingi huvunjika nyonga au kifundo cha mkono. Ikiwa mama amevunjika katikati ya paja, penye mfupa mnene, kwa kugeuka tu, lazima tutafute sababu nyingine, na miaka minane ya kidonge inatuelekeza pa kutafuta.

Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote: ziko chembe zinazoula mfupa uliochakaa na ziko zinazoweka mpya. Mwanamke akikoma hedhi, walaji huwashinda wajenzi. Kidonge cha kila wiki, ambacho aghalabu ni alendroneti ya miligramu 70, hakijengi mfupa kama wengi wanavyoambiwa, bali huwafunga walaji midomo. Kwa miaka ya mwanzo faida yake ni kubwa, na kwa jumla huzuia mivunjiko mingi kuliko inayoisababisha, kwa hiyo dada yako asijilaumu. Lakini nyufa ndogo ndogo za mfupa nazo huzibwa kwa njia hiyo hiyo ya kubomoa kwanza. Kazi hiyo ikizoroteshwa kwa miaka mingi, nyufa hulimbikizana upande wa nje wa paja, hata siku moja mfupa unakatika kwa upana kama chaki. Uzorotaji huo huo ndio unaochelewesha kuunga.

Sijaiona picha ya mama, na ni daktari wake wa mifupa atakayethibitisha kwa kutazama mkato ulivyo. Mwelezeni leo habari ya kidonge na miaka yake, pengine hakuna aliyemwambia, na mumwombe idhini ya kukisimamisha mara moja. Dawa hii hukaa ndani ya mfupa kwa miaka, hivyo kuikosa kwa wiki kadhaa hakumdhuru. (Nasema hivi kwa kidonge hiki tu, wanaochomwa denosumabu, sindano ya kuimarisha mifupa, kila miezi sita wasiiache ghafla, kwani uti wa mgongo unaweza kuvunjika.)

Jambo la pili ni la haraka zaidi: paja la kulia lipigwe eksirei nzima, kuanzia nyongani hadi gotini, hata kama haliumi. Mivunjiko ya namna hii mara nyingi huwa na pacha wake upande wa pili. Mwulizeni mama kama alisikia maumivu ya paja au ya kinena wiki au miezi kabla ya kuvunjika, maumivu ambayo watu wengi huyaita baridi yabisi wakajipaka dawa. Ufa ukionekana kulia, huenda akashauriwa awekewe chuma kabla paja halijakatika.

Kuhusu miezi saba, msikate tamaa. Paja la kawaida lililowekewa chuma huunga kati ya miezi 3 na 6, ila la aina hii huchelewa, na mengine hukaribia mwaka. Cha kuangalia ni kama picha za miezi inayofuatana zinaonyesha maendeleo. Maumivu yakizidi anapokanyaga, kidonda kikatoa usaha au akapata homa, msingoje siku ya kliniki. Mfupa ukiacha kabisa kuunga, hubadilishwa chuma au hupandikizwa vipande vya mfupa wa nyonga yake mwenyewe.

Apimwe pia sukari na vitamini D, kwa maana jua letu ni kali lakini bibi anayeshinda ndani, na akitoka huvaa buibui, hulipata kidogo. Kama anatafuna tambuu yenye tumbaku, aiache. Kama anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku, nayo apunguziwe kwa ushauri wa daktari. Dagaa wazima na maziwa vitamfaa.

Mafundi wetu wa viungo ninawaheshimu, lakini paja lenye chuma halichuliwi: kulivuta na kulikanda hutikisa ncha zinazojaribu kushikana.

Dada yako asitume tena kidonge. Atume picha ya boksi lake, jina na kipimo visomeke, mkamwonyeshe daktari.