Maswali ya Wasomaji: Stata Ikigonga "Tak" Kisha Ikanyamaza

Swali: Salaam aleikum mafundi. Nina Land Cruiser ya dizeli, injini ya 1HZ, gia za mkono. Asubuhi nikizungusha ufunguo nasikia "tak" moja tu. Taa za dashibodi hazififii, na injini haizunguki. Nikirudia mara tano sita inashika kama haikuwa na neno. Nimeambiwa stata (mota inayoanzisha injini) imekufa, ninunue nyingine. Ninunue?
*Msomaji, Mtwapa*

Jibu: Waleikum salaam. Usitoe pesa bado. Hiyo "tak" ni solenoidi, yaani swichi ya sumaku iliyo kwenye stata, inayovuta mchi wake, kwa hiyo waya mdogo unaotoka kwenye swichi ya ufunguo unafanya kazi. Umeme mkubwa ndio haufiki kwenye mota ya stata. Na betri usiilaumu haraka, maana betri iliyochoka ingefifisha taa na solenoidi ingepiga "tak-tak-tak" mfululizo kama cherehani.

Ndani ya solenoidi ya stata za Denso, ambazo zimejaa kwenye Toyota za dizeli, mna vipande viwili vya shaba na mchi wa chuma wenye kisahani cha shaba. Mchi ukivutwa, kisahani huviunganisha vile vipande viwili na mota hupata umeme. Kila ukiwasha gari, cheche hula shaba kidogo. Baada ya miaka kipande kimoja huwa kimelika kuliko chenzake, kisahani kikagusa huku na kukosa kule. Ukirudiarudia, kisahani hujizungusha kidogo kikakuta mahali palipobaki na shaba, na gari likashika. Dalili zako ni hizo hizo.

Hata hivyo pima kwanza, ni kazi ya dakika kumi kwa mita ya kawaida. Betri iliyolala usiku kucha isome volti 12.6 ikiwa imejaa. Ikisoma chini ya 12.2, ichaji ndipo uendelee. Hakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa, chomoa waya wa kukata mafuta kwenye pampu ili injini isishike, kisha mwenzako azungushe ufunguo nawe uko kwenye stata. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye bodi ya stata, na nyekundu kwenye nguzo nene inayopokea waya wa betri. Ikigonga "tak" na volti 12 zikabaki hapo, hamishia ncha nyekundu kwenye nguzo ya pili, ile inayoingia kwenye mota. Ukikosa umeme hapo, vipande vya shaba vimekwisha. Ukiupata wote na mota bado imelala, tatizo ni kaboni (brashi zinazopeleka umeme ndani ya mota) au amecha (sehemu ya mota inayozunguka). Na kama volti zilianguka tangu kwenye nguzo ya kwanza, rudi nyuma ukague betri, vishikio na waya mnene.

Waya wa hasi usiusahau. Pima kati ya nguzo ya hasi ya betri yenyewe (si kishikio chake) na bodi ya stata wakati injini inazungushwa. Ikizidi volti 0.3 kuna kutu njiani. Kwa hewa yetu ya chumvi, kutu hiyo huingia chini ya ngozi ya waya ukaonekana mzima kwa nje, kumbe nyuzi za ndani zimegeuka unga wa kijani. Ukikuta waya wa namna hiyo, badilisha wote. Kukata ncha na kufunga upya hakusaidii, kwa sababu uozo husafiri.

Kubadilisha shaba, toa stata, fungua bolti tatu za kifuniko cha solenoidi (soketi ya 8), chomoa mchi na uishike springi isiruke. Kabla ya kulegeza nati za vipande, piga picha: kuna kihami cha plastiki, mpira wa duara na washa, na kila kimoja kina zamu yake. Nunua vipande viwili pamoja na mchi mpya, kwani kisahani cha zamani chenye mashimo kitakula shaba mpya upesi. Vipande vikae sawa kwa urefu ili kisahani kivigonge kwa pamoja. Nati zisikazwe kwa hasira, plastiki hupasuka. Ukimaliza, na kabla ya kurudisha mchi, pima kwa mita kwamba nguzo nene haigusani na bodi. Ikigusana, utakapounganisha betri utaona moto.

Swali: Stata ya Prado yangu ya dizeli imethibitika kuungua amecha. Nataka kununua ya mtumba na kuifunga mwenyewe. Niangalie nini?
*Msomaji, Bamburi*

Jibu: Nenda na stata yako ya zamani mkononi. Linganisha vitu vinne: volti zilizoandikwa kwenye kibandiko, idadi ya meno ya bendiksi (gia ndogo ya stata inayoruka kuzungusha injini), umbali kati ya matundu ya bolti, na upande ambao solenoidi inaelekea. Volti ndizo zinazowaponza wengi. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani zina betri mbili zilizofuatanishwa kutoa volti 24, na nyingine zina betri mbili zilizowekwa sambamba na bado ni volti 12. Kuhesabu betri kwa hiyo hakutoshi, fuata waya. Stata ya volti 12 kwenye 24 itazunguka kwa kishindo siku chache tu, kisha iungue. Meno yakipungua au kuzidi hata moja, ringi ya flaiwili (meno ya gurudumu zito la injini, ambayo bendiksi huyashika) italiwa, na kuibadilisha ringi ni kushusha giaboksi.

Usiondoke dukani kabla ya kuijaribu. Ibanwe kwenye jiliwa, hasi ya betri kwenye bodi, chanya kwenye nguzo nene, kisha gusa kwa waya kile kichwa kidogo cha solenoidi. Bendiksi iruke mbele na kuzunguka papo hapo, na ukiachilia irudi yote. Sekunde tatu zinatosha. Muuzaji akikataa kujaribu, jibu umeshalipata.

Kuifunga sasa. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe, na kama utaingia chini weka stendi, jeki peke yake haiaminiki. Toa hasi ya betri kwanza, zote mbili kama ni mbili. Hatua hii ikirukwa, spana inayogusa nguzo nene na chasisi kwa pamoja hushika moto na kuyeyuka mkononi. Vua ngao ya chini, chomoa waya mdogo, fungua nati ya waya mnene. Bolti za kufungia kwa kawaida ni mbili, nyingi kichwa cha 17. Ya juu haionekani, unaifikia kwa kupapasa, ukiwa na mkono wa kurefusha wa sentimita 30 au zaidi na kiungo kinachopinda. Ipulizie mafuta ya kulegeza kutu tangu usiku uliotangulia. Anza na hiyo ngumu, ya chini ibaki imeshika, kwa sababu stata ya dizeli ina uzito wa kilo kadhaa na ikikuangukia usoni hutaisahau.

Kinachosahaulika zaidi ni uso wa kufungia. Stata hupata hasi yake kupitia bodi, kwa hiyo pale inapokaa pasuguliwe kwa msasa mpaka chuma king'ae. Usipake rangi wala silikoni hapo. Stata iliyopakwa rangi mpya ya kupendeza mpaka kwenye uso huo ndiyo inayorudishwa dukani kesho yake kwa madai kwamba ni mbovu. Kama kulikuwa na bamba jembamba kati ya stata na injini, lirudishe. Bolti zote mbili zianze kuingia kwa mkono, ndipo ukaze. Hasi ya betri iwe ya mwisho kurudi.

Swali: Foleni ya feri Likoni nazima gari. Ikifika zamu yangu nageuza ufunguo, kimya kabisa, hata "tak" hakuna. Nikisubiri robo saa inashika. Gari ni otomatiki. Madereva wa nyuma wanapiga honi, nami jasho linanitoka.
*Msomaji, Mtongwe*

Jibu: Pole. Kimya si sawa na "tak". Ukiwa foleni, jaribu mara moja kuwasha gia ikiwa N badala ya P. Ikishika, swichi ya gia ndiyo mgonjwa. Isiposhika, shida iko kwenye joto. Injini ikizimwa, feni na upepo husimama, na joto la ekzosi hupanda juu ya stata kwa dakika kadhaa. Waya za koili ya solenoidi zikipata moto huhitaji umeme zaidi ili zivute mchi, ilhali swichi ya ufunguo iliyozeeka inaleta kidogo.

Pima kwenye kichwa kidogo cha solenoidi gari likiwa limepata moto na ufunguo umegeuzwa. Chini ya volti 8, lawama ni swichi au waya. Dawa ya kudumu ni rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo) ya ampea 30: waya wa ufunguo kwenye mguu wenye namba 86, bodi kwenye 85, betri kupitia fyuzi kwenye 30, na 87 kwenda kwenye solenoidi. Ukipata volti 11 na bado kimya, koili yenyewe inakatika ikipata moto, badilisha solenoidi. Na chungulia kama bati la kukinga joto bado lipo kati ya ekzosi na stata. Mara nyingi huvuliwa siku ya kazi nyingine na halirudi.

Swali: Stata inazunguka kwa sauti kali lakini injini haigeuki. Fundi ameosha bendiksi kwa petroli, imezidi.
*Msomaji, Changamwe*

Jibu: Petroli ndiyo imeimaliza. Ndani ya bendiksi mna klachi ya njia moja yenye grisi iliyofungiwa kiwandani. Ikioshwa, vigololi huteleza. Hufutwa kwa kitambaa tu. Nunua bendiksi mpya. Kama badala yake inasaga kwa kelele siku moja na siku nyingine haisagi, chunguza meno ya flaiwili: injini ya silinda nne hupenda kusimama mahali pawili, ya sita patatu, na meno ya hapo ndiyo yanayolika. Zungusha injini kidogo kwa bolti ya puli ya mbele, ujaribu tena. Kelele ikiondoka, ugonjwa ni ringi.

Swali: Nimepitisha gari kwenye maji ya bahari, yamefika usawa wa stata. Nifanye nini?
*Msomaji, Diani*

Jibu: Siku hiyo hiyo, injini ikishapoa, suuza stata kwa maji baridi ya bomba bila presha, kisha endesha mpaka ikauke. Ndani ya wiki itoe, ifungue, ufute chumvi na kukagua kaboni. Ukingoja mpaka igome, mchi utakuwa umeshikana na kutu ndani ya solenoidi, na hapo hautoki bila nyundo.