Kulisha rifoma ya haidrojeni Mwanza: gesi, maji na mvuke

Bomba la gesi asilia kutoka Mtwara linaishia Dar es Salaam. Kwa hiyo rifoma ndogo, yaani mtambo wa kutengeneza haidrojeni kwa gesi na mvuke, ikifungwa Nyakato au Igogo hapa Mwanza, kama haina biogesi ya kutegemea, italishwa gesi ya mitungi, ile ile ya kupikia, iliyosafiri kwa lori zaidi ya kilomita 1,100. Maelekezo mengi yanayokuja na mitambo hii yameandikwa kwa metani ya bombani. Haya ni kwa ajili yako unayeanza kazi kwenye mtambo unaokula propani na butani na kunywa maji ya Ziwa Victoria.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba gesi inaingia mtamboni kwa njia mbili zisizofanana. Moja ni malighafi: inachanganywa na mvuke, inapita kwenye kichocheo cha nikeli penye joto la nyuzi 750 hadi 900 za Selsiasi, inatoka ikiwa haidrojeni na monoksidi ya kaboni. Nyingine ni ya kuchomea: inawaka nje ya mirija yenye kichocheo kuipa joto, kwa sababu mmenyuko wenyewe unameza joto. Kichomeo hakisumbuliwi na salfa kidogo, na kinataka shinikizo dogo tu. Malighafi inataka shinikizo la bar 8 au zaidi na haivumilii salfa kabisa. Zinaweza kutoka tangi moja, lakini kila njia iwe na regyuleta yake na valvu yake ya kufunga dharura. Usichepushe gesi ya kichomeo baada ya chombo cha kuondolea salfa kwa kuona ni karibu. Unachoma bure oksidi ya zinki, inayonasa salfa, uliyoinunua kwa bei kubwa.

Kwa hesabu ya haraka, mtambo mdogo ulio katika hali nzuri hutumia kilo 3.5 hadi 4 za gesi, malighafi na ya kuchomea kwa pamoja, kupata kilo 1 ya haidrojeni safi. Mtungi wa kilo 38 basi unatoa kama kilo 9.5 hadi 11 za haidrojeni. Ukiona unahitaji kilo 5 au 6, tafuta tatizo kabla hujaagiza mitungi mingine.

Sasa mtungi wenyewe. Ndani mna mchanganyiko wa propani na butani, na ukivuta mvuke wa gesi kutoka juu, propani hutangulia kutoka kwa kuwa ndiyo nyepesi kuchemka. Asubuhi unalisha propani karibu tupu, jioni butani. Molekuli ya propani ina kaboni 3, ya butani ina 4. Kama mita yako inapima ujazo, haitakuonyesha tofauti yoyote: lita ni zile zile, lakini kaboni imeongezeka kwa theluthi. Uwiano wa mvuke wa maji kwa kaboni (molekuli za mvuke kwa kila atomu ya kaboni) ulioupanga uwe 3.5 unashuka hadi kama 2.6 bila mtu kugusa kitu, na hapo kaboni huanza kujijenga juu ya kichocheo.

Dawa yake ni kupima kwa uzito. Kilo 1 ya propani na kilo 1 ya butani zina kaboni karibu sawa, tofauti haifiki hata asilimia 2. Kwa uwiano wa 3.5, kila kilo ya gesi inataka kilo 4.3 za maji, iwe propani au butani. Kwa uwiano wa 3, kilo 3.7. Mita ya uzito ni ghali, na bado tunashauri inunuliwe kabla ya kifaa kingine chochote cha hiari. Usipokuwa nayo, fanya jaribio hili kila wiki: weka mtungi wa malighafi juu ya mizani, kichomeo ukilishe kwa mtungi mwingine ili hesabu zisichanganyike, endesha mtambo kwa mzigo wa kawaida saa moja. Soma gesi iliyopungua kwa kilo, soma maji yaliyopungua kwenye tangi la kulishia boila, ugawanye maji kwa gesi. Jibu likiwa chini ya 3.7, ongeza maji au punguza gesi hapo hapo, usisubiri kesho.

Bora zaidi ni kuacha kabisa kuvuta mvuke wa gesi mtungini. Tumia tangi au mitungi yenye mrija unaofika chini, vuta kimiminika kwa pampu ndogo, kigeuze kuwa gesi kwenye kivukishi cha maji moto ya nyuzi 60 hadi 80. Mchanganyiko unabaki ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, na shinikizo halitegemei joto la siku. Mtungi unaovutwa mvuke kwa kasi hupoa, unatoa umande kisha barafu kwenye mstari wa kimiminika, na shinikizo linaanguka katikati ya kazi. Na usigeuze mtungi wa kawaida kichwa chini ili upate kimiminika. Kutu, mafuta na uchafu wote wa chini utaingia kwenye regyuleta.

Salfa ndiyo inayoua kichocheo haraka kuliko kitu kingine chochote. Ile harufu ya gesi ya kupikia ni ya etili merkaptani, nayo ina salfa. Kichocheo cha nikeli kinataka salfa isizidi 0.1 ppm (sehemu kwa milioni). Merkaptani haichemki upesi kama propani, kwa hiyo ukivuta mvuke inabaki nyuma na kurundikana. Gesi ya mwisho ya mtungi ndiyo chafu kuliko zote. Badilisha mtungi ukiwa bado na asilimia 10 hivi. Mabaki hayapotei, yapeleke kwenye kichomeo.

Kuiondoa ni hatua mbili. Gesi inachanganywa na haidrojeni kidogo iliyorudishwa kutoka kwenye bidhaa, asilimia 2 hadi 5, inapita kwenye kichocheo cha kobalti na molibdeni kwa nyuzi 300 hadi 400, merkaptani inageuka salfidi ya haidrojeni. Kisha oksidi ya zinki inaikamata, nayo hufanya kazi vizuri kwa nyuzi 350 hadi 400. Kosa la kawaida ni kufungua malighafi wakati vyombo hivi bado vya baridi: salfa inapita moja kwa moja na skrini haionyeshi lolote. Pia haidrojeni ya kurudishwa ikikatika, hatua ya kwanza inakoma kimya kimya. Karatasi ya asetati ya risasi inanasa salfidi ya haidrojeni tu, kwa hiyo ikibaki nyeupe si uthibitisho kwamba merkaptani haimo. Funga vyombo viwili vya oksidi ya zinki kwa kufuatana, chukua sampuli kati yake. Cha kwanza kikianza kuvujisha, cha pili kinakupa muda wa kuagiza.

Maji ya ziwa yana sifa njema: chumvi yake ni ndogo, upitishaji umeme wake kwa kawaida ni karibu maikrosimensi 100 kwa sentimita. Wageni hudanganyika kwa hilo. Boila ya rifoma inataka chini ya 5, na tunapendelea chini ya 1. Shida yenyewe ni mwani. Kwenye Ghuba ya Mwanza, siku za utulivu bila upepo, maji ya juu hugeuka kijani kibichi, na pH hupanda mchana. Mdomo wa bomba la kunyonyea usiwe juu penye mwani na magugu maji, wala chini penye tope, na uwe mbali na Mto Mirongo unapomwaga maji ya mjini wakati wa mvua. Panga hivi: chujio la mchanga, chujio la mkaa, chujio la maikroni 5, utando wa osmosi, halafu resini ya kunasa chumvi iliyobaki.

Kama unatumia maji ya bomba la mji, yana klorini, nayo hula utando wa osmosi. Pima kwa DPD, dawa ya kupimia klorini, baada ya chujio la mkaa. Rangi ya waridi ikitokea, hata hafifu, badilisha mkaa. Kloridi ikipenya hadi kwenye mvuke, hupasua koili za chuma cha pua na kuharibu kichocheo cha shaba kinachofuata baada ya rifoma. Silika nayo ina hila yake: resini ikikaribia kuchoka, silika hutangulia kupita, na kipimo cha upitishaji umeme hakiioni. Nunua vifaa vya kupima silika peke yake.

Upande wa kichomeo, mwinuko una neno lake. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko pwani. Feni iliyopangwa kwa usawa wa bahari italeta ujazo ule ule wenye oksijeni pungufu. Usiamini mpangilio wa kiwandani; weka kipimo cha oksijeni kwenye bomba la moshi, urekebishe hadi kisome kama asilimia 3. Propani inataka ujazo wa hewa mara 24 ya wake, metani mara 9.5, kwa hiyo pua za kichomeo za gesi asilia lazima zibadilishwe. Na kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka majini kama nguzo za moshi: wakitua upande wako, chujio la feni linaziba usiku mmoja na moto unakuwa wa njano.

Sehemu kubwa ya moto hutoka kwenye gesi ya mabaki ya minara ya kusafishia haidrojeni, PSA. Inakuja kwa mawimbi kila minara inapopokezana. Bila tangi la kutulizia, joto la mirija litapanda na kushuka nayo. Gesi hiyo ina monoksidi ya kaboni, haina harufu, na inaua. Usifungue flanji ya njia hiyo kabla ya kupitisha naitrojeni.

Mpangilio wa kuwasha haubadilishwi. Naitrojeni kwanza, mara 5 ya ujazo wa mtambo. Pasha joto hadi kila sehemu ifike nyuzi 200 hadi 250, ili kwa shinikizo la bar 10 iwe juu ya kiwango cha mvuke kugeuka maji. Ndipo mvuke. Malighafi iingie rifoma ikishafika nyuzi 650 hadi 700, kidogo kidogo, uwiano ukianzia 5 au zaidi, kisha ushushe. Kuzima ni kinyume: malighafi ifungwe kwanza, mvuke uendelee dakika 15 hadi 30, halafu naitrojeni kabla mvuke haujawa maji ndani ya kichocheo. Usiache mvuke mtupu masaa mengi, unaoksidisha nikeli. Swichi ya kufunga malighafi uwiano ukifika 2.5 isikatwe kwa sababu yoyote, hata ikisumbua.

Umeme ukikatika, mambo haya yote yanatakiwa yatokee yenyewe: valvu za gesi zifunge kwa springi, ya naitrojeni ifunguke kwa springi. Jaribu hilo kwa kukata swichi kuu mtambo ukiwa baridi, kila mwezi. Kihisi cha gesi ya mitungi kifungwe karibu na sakafu, maana gesi hiyo ni nzito na hujificha kwenye mifereji. Cha haidrojeni kifungwe juu kabisa chini ya paa. Mitungi ya naitrojeni isipungue inayotosha kusafisha mtambo mara mbili, na hiyo ihesabiwe kabla ya kuwasha, si wakati wa kuzima.