Re: Nifunge navigesheni kwenye gari au simu inatosha?
Mkuu, kwa mizunguko ya Mbeya uliyoitaja, simu inatosha kukuonyesha njia. Makambako hadi Tunduma barabara kuu ni moja, utapotelea wapi? Ukichepuka pale Isyonje kwenda Kitulo na Makete mtandao unaweza kukata, lakini GPS haili bando, inasoma setilaiti moja kwa moja. Pakua ramani ya Google ya eneo zima ukiwa bado mjini, nunua kishikio cha simu na chaja ya gari, basi.

Ile redio iliyokuja na gari toka Japani, inayodai kadi ya ramani (SD) kila ukipiga swichi, usihangaike nayo. Ramani yake ni ya hukohuko Japani.

Hela inayobaki funga taa za ukungu. Kwenye milima ya Uporoto asubuhi huoni hata boneti yako.