Watoto 60, mwalimu mmoja: bado wanaweza kuchagua

Mwalimu mwenzangu wa Morogoro, umeuliza kama mtu mwenye watoto 60 wa darasa la awali anaweza kuwaachia wachague shughuli bila darasa kugeuka soko. Nimesomesha maandalizi hapa Unguja miaka mingi, na jibu langu ni ndiyo. Kiwango cha kwenu ni watoto 25 kwa mwalimu, kwa hiyo umebebeshwa zaidi ya mara mbili na hilo lazima lisemwe. Lakini kelele unazoziogopa hutokea pale watoto wanapoambiwa "haya, chezeni" huku vitu havitoshi, au viko juu ya kabati.

Huku pwani jambo hili si geni. Mpango wa Madrasa, wa shule za awali za jamii za Waislamu, ulianzia Mombasa miaka ya 1980, Bi Swafiya Said akiwa mkufunzi wake wa mwanzo, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, kisha ukafika Zanzibar na Uganda. Walichukua utaratibu wa HighScope, taasisi ya elimu ya watoto wadogo ya Michigan, Marekani, wakauweka pamoja na mafunzo ya dini, nyimbo na hadithi zetu, na vifaa vya kuokota. Kiini chake ni kwamba mtoto anapanga, anafanya, kisha anakumbuka. Wengi huchukua ile ya kati tu: wanapanga kona nzuri, yaani sehemu za darasa zenye vifaa vya shughuli moja moja, halafu wanashangaa watoto wanazurura.

Kupanga ndiko kunakotuliza darasa. Kila mtoto awe na kadi yenye jina lake na picha yake, samaki au kikombe. Kila kona iwe na ubao wenye misumari, tuseme sita. Mtoto anasema anakwenda wapi na atafanya nini, anatundika kadi, anaanza. Misumari ikijaa, anachagua kona nyengine. Mtoto wa miaka minne anauelewa ubao uliojaa upesi kuliko kuambiwa asubiri zamu yake. Kwa wingi wa watoto wako, nusu waende kwenye kona na nusu wabaki mkekani na kazi waliyoizoea, kufinyanga udongo au kuchora kwa chaki, wabadilishane baada ya uji. Huwezi kuwasikiliza wote wakipanga kila siku. Sikiliza kundi moja, wengine waambizane wawili wawili.

Vifaa: vizibo vya soda, vifuu, makombe ya pwani, vipande vya khanga, maboksi, makopo ambayo kingo zake umezigonga vizuri. Viwe chini, mkono wa mtoto ufike, na kila boksi libandikwe picha ya kilichomo ili aweze kurudisha mwenyewe. Mtaala wenu wa awali unazitaja kona za ujifunzaji, kwa hiyo mwalimu mkuu akiuliza, una pa kusimamia.

Jambo ninaloliona muhimu kuliko yote: usimuulize mtoto swali ambalo huko tayari kulipokea jibu lake. Ukisema "unataka kunawa mikono?" akajibu hataki, halafu ukamvuta kwenye ndoo, umemfundisha kwamba kauli yake haina thamani. Kunawa ni lazima, mwambie hivyo. Achague ndoo hii au ile, aanze yeye au mwenzake. Machaguo mawili ya kweli yanatosha kabisa.

Uji nao ni somo. Tumia jagi dogo lisilojaa, uji uliopoa, na tambara la kufutia karibu. Atamwaga, atafuta, na baada ya muda utamwona akimmiminia mwenzake. Inachukua muda, najua. Muda huo ni wa kusomea pia, kwa sababu hapo anahesabu vikombe na anapima kwa jicho.

Mtoto anayesimama tu bila kuchagua, muache aangalie siku za mwanzo, kisha mpe vitu viwili mkononi achukue kimoja. Anayeng'ang'ania kona ya duka la kuigiza kila siku usimfukuze. Mpelekee penseli na karatasi aandike bei.

Wazazi watalalamika kwamba daftari ni tupu, na wana haki ya kuuliza, maana wanawaza darasa la kwanza. Maelezo ya mkutanoni hayawaridhishi sana. Mkaribishe mama akae kona ya duka asubuhi moja, amsikie mwanawe akirudisha chenji. Na wakati wa kukumbuka, watoto wanapoeleza walichofanya, andika maneno yao chini ya michoro yao, wapeleke nyumbani. Hiyo ni kazi ya kuandika na kusoma ambayo baba anaweza kuishika mkononi.

Anza na kona tano tu, uongeze wakizoea. Niandikie ukubwa wa chumba chako na kama una baraza au kivuli cha mti, nikwambie zipi zitakufaa mwanzo.