Maswali yenu ya filamu: damu ya mawese, meli ya 1914 na kionjo cha dakika nne

Simu yangu haijapumzika. Vikundi vya filamu vya sekondari, kuanzia Ujiji mpaka Kasulu, vinaandaa vionjo vya filamu zao, na maswali yanaingia hata saa sita za usiku. Anayekiita trela simkatalii, tunaelewana. Nimechagua yale yanayojirudia, pamoja na moja la bibi mmoja ambalo sikuweza kuliruka.

Shikamoo kaka. Kuna sini mtu anakatwa panga. Tulitumia mawese kama damu, yakaonekana kama mchuzi. Tufanyeje? (Kidato cha tatu, Mwanga)

Marahaba. Kosa hilo kila mtoto wa Kigoma anayeshika kamera hulipitia, nami nimo. Mawese tunayo tele, yamekolea wekundu ndani ya chupa, basi mtu anadhani kazi imekwisha. Yakishamwagika kwenye ngozi yanageuka rangi ya chungwa, yanang'aa kama mtu katoka kuoga na kujipaka, na asubuhi yenye baridi yanaganda mapande mapande. Tena kwenye shati hayatoki. Waulizeni mama zenu.

Chemsheni choya kavu kwa maji machache mpaka yakolee, tieni sukari, halafu korogeni unga wa muhogo nusu kijiko katika maji baridi na kuumimina taratibu juu ya moto mdogo. Unga ukizidi mtapata uji wa pinki, kwa hiyo mkono uwe mzito. Ikiwa bado imepauka, chembe za kakao zitaitia giza. Itazameni kupitia simu, si kwa macho, maana rangi huonekana tofauti kwenye kioo. Jaribuni kwanza kwenye kitambaa kibovu. Na mshuti haraka, sukari ile nzi wataisikia kutoka sokoni.

Lakini kwa kionjo, damu yenyewe kijiko kimoja kinatosha. Panga linapanda. Kuku wanatawanyika. Tone moja linaangukia ndala. Basi. Aliyetazama atajichinjia mwenyewe kichwani mwake, na atafanya vizuri kuliko nyinyi.

Panga liwe la boksi gumu lililofunikwa foili, hata kama anayelishika anaapa kwamba ana mkono mtulivu. Na kama kuna bunduki ya mti, mjulisheni mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi kabla hamjatoka nayo nyumbani. Mkoa wetu uko mpakani. Mtu akimwona kijana na bunduki kwenye vichaka vya Bangwe hatasubiri kuuliza kama ni maigizo.

Mwanangu, mjukuu wangu kachukua sanduku langu la bati nililoingia nalo kwenye ndoa, eti ni la filamu. Limerudi limepakwa rangi ya kutu. Ndivyo mnavyowafundisha? (Bibi, Ujiji)

Shikamoo bibi. Nisamehe kwa niaba yake. Kama ni rangi ya maji, kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kitaitoa. Kama ni ya mafuta, usikwangue. Mjukuu alipeleke kwa fundi rangi, na gharama atoe yeye, si wewe.

Nyie wajukuu, sikieni. Kitu cha kuazima hakipakwi rangi. Ukitaka kukizeesha, kipake mafuta ya kujipaka, kidogo sana, kisha nyunyizia vumbi la mkaa na udongo uliochekechwa. Kwenye kamera kitaonekana kimekaa darini miaka hamsini, na jioni unakifuta kwa kitambaa. Barua ya zamani mnaichovya kwenye chai ya rangi na kuianika. Bunda la pesa ni noti moja ya kweli juu, nyingine chini, katikati karatasi tupu. Msitoe fotokopi ya noti hata kwa mzaha, hilo ni kosa la jinai.

Na kila kilichoazimwa kipigwe picha siku kinapochukuliwa, jina la mwenyewe liandikwe daftarini. Picha hiyo hiyo itawasaidia mkirudia sini wiki ijayo na hakuna anayekumbuka sanduku lilikuwa wazi au limefungwa.

Kaka, filamu yetu ni ya mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza. Tunaihitaji meli ya Liemba kwenye kionjo na hatuna njia ya kuipata. (Klabu ya filamu, Kigoma mjini)

Kwanza mwaka wenu una kasoro. Mwaka 1914 meli hiyo ilikuwa haijaelea ziwani. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kutiwa kwenye makasha, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kupanda bara kwa reli. Ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, Wajerumani walipoona wanazidiwa, waliizamisha wenyewe. Waingereza waliiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba.

Sasa angalieni mlichopewa bure. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito isiliwe na kutu, kwa nia ya kuirudia siku moja. Hebu fikirini shoti hiyo. Mikono inapaka grisi kwenye chuma, polepole, kwa upendo kabisa, kama mtu anayemwosha maiti. Hakuna neno. Nyuma yake maji yanasikika yakiingia mahali. Halafu giza, na jina la filamu. Mikono hiyo mtaipata gereji yoyote mjini, chuma kipo, grisi ipo. Meli haionekani hata mara moja, na kila mtazamaji atatoka akijiuliza mtu anapakaje mafuta kitu anachokwenda kukizamisha. Badilisheni mwaka uwe 1916 mnishukuru baadaye.

Mkitaka stesheni, na ni haki kuitaka maana reli ilifika Kigoma 1914 na jengo lile limesimama vizuri kwenye picha, msiende na kamera mkononi mkitumaini mlinzi ana moyo mwema. Stesheni na bandari ni barua kwanza, yenye muhuri wa shule. Mwalimu mlezi amwone pia Afisa Utamaduni wa halmashauri, kwa sababu shughuli za filamu ziko chini ya Bodi ya Filamu na sheria yake ni ya tangu 1976. Yeye atawaeleza kazi ya shule inahitaji nini. Droni ina kibali chake peke yake. Mimi ningeiacha, na sababu nitaisema mbele.

Video ya fundi mmoja wa Dar inasema tushuti saa kumi na moja na nusu jioni tupate mwanga wa dhahabu. Saa hiyo kwetu jua bado linachoma! (Kidato cha tano, Kibirizi)

Hamjakosea, na fundi naye hajakosea. Saa ni moja nchi nzima ila jua halijui habari hiyo. Dar iko karibu nyuzi 39 mashariki, sisi tuko chini kidogo ya 30, na jua huchukua dakika 4 kwa kila nyuzi. Kwa hiyo linatuacha dakika 38 hivi baada ya kuwaacha wao. Ratiba ya Dar iongezeeni dakika 40, asubuhi na jioni.

Tena sisi ziwa liko magharibi, jua linazama nyuma ya milima ya Kongo. Mwigizaji akiligeukia ziwa jioni, uso wake unajaa mwanga wote. Akilipa mgongo huku kamera inatazama maji, mtapata kivuli cheusi chenye umbo la mtu. Vyote viwili vizuri, mradi mmechagua. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka mwanga ufungwe, la sivyo picha itapanda na kushuka kila wingu linapopita.

Sauti yetu yote ni upepo. Kuna programu ya kuusafisha? (Katonga)

Zipo, na zitawaachia mwigizaji anayeongea kama yuko ndani ya mtungi. Nami niliwahi kumrekodi bibi harusi akitoa nasaha ufukweni, machozi ya kweli, familia nzima inalia. Nilipofika nyumbani nikasikia fuuuu dakika kumi na mbili. Nilirudisha pesa.

Chukueni simu ya pili, kateni kipande cha sifongo kifunike tundu la maiki, vaeni soksi juu yake, na simu hiyo aishike mtu karibu kabisa na mwigizaji, nje tu ya picha. Kabla ya kuanza mmoja apige kofi mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri mnalinganisha mlio wa kofi na viganja vinapokutana, sauti na picha zinakaa pamoja. Maneno yakiwa machache, yarudieni jioni hiyo hiyo ndani ya chumba chenye godoro na makhanga ukutani.

Na kila mahali mnaposhuti, kaeni kimya nusu dakika mrekodi mahali penyewe: injini za boti, majani ya michikichi, adhana ya mbali. Mtakuja kuihitaji kufunika mishono ya sauti mnapounganisha vipande.

Picha tulizopiga ndani usiku zina mistari inayocheza kwenye ukuta. Simu mbovu? (Kasulu)

Simu nzima. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, na taa huwaka na kufifia mara 100 bila macho kuona. Simu nyingi zimepangwa fremu 30, yaani picha 30 kwa sekunde, hazipatani. Wekeni fremu 25 na kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Kama simu haina mipangilio hiyo, tumieni taa nyingine au mchana wa dirishani. Na simu zote za kikundi ziwe na fremu zile zile tangu mwanzo.

Kionjo chetu kina dakika nne. Mwalimu anataka pia tuonyeshe mwisho, wazazi waelewe kisa. Filamu yenyewe ni dakika kumi na tano. (Mhariri wa kikundi, Ujiji)

Dakika nne katika kumi na tano si kuonja, ni kula na kukomba sufuria. Vionjo vya filamu kubwa za sinema, zenye saa mbili, kwa kawaida havivuki dakika 2 na nusu. Chenu kiwe sekunde 45, mkikazana 60.

Mwalimu, kwa heshima zote, mzazi akishaelewa kisa atabaki nyumbani kutazama taarifa ya habari.

Fanyeni hivi. Andikeni kwenye karatasi swali moja ambalo filamu inalijibu. Si mada. Swali, kama "Nani alilifungua sanduku?" Kisha pitieni shoti zote na kuzigawa mafungu matatu: zinazouliza, zinazojibu, na zinazopendeza tu. Zinazojibu ondoeni zote, hata ile mliyoitolea jasho siku nzima. Hapo ndipo vikundi hugombana, acheni vigombane. Zinazopendeza bakizeni moja. Ndiyo maana nilisema droni muiache: ziwa kutoka juu linapendeza kweli, ila haliulizi chochote, na kila video ya harusi mjini hapa inalo.

Mlizobaki nazo zitakuwa chache, labda kumi. Anzeni na iliyotulia, mtu apate kumjua mwigizaji kabla hajaanza kumwogopea. Kila inayofuata iwe fupi kidogo kuliko iliyotangulia. Sauti ya shoti inayokuja itangulie kuingia huku picha ya nyuma bado ipo. Kabla ya jina kateni kila kitu, muziki na maneno, sekunde moja na nusu ya kimya. Itawaonekea ndefu mno. Iacheni.

Yale madoido ya picha kuzunguka, kupasuka na kugeuka ukurasa, programu zimeyajaza kwa sababu ni rahisi kuyatengeneza. Kukata tu kunatosha. Na ile sauti nzito ya "Usikose kuona!" naomba mwacheni muuza dawa wa stendi nayo. Maandishi yasizidi maneno matano kwa mara moja, na "inakuja hivi karibuni" haimsaidii mtu. Wekeni siku, saa na ukumbi.

Mkimaliza mwonyesheni mtu asiye wa kikundi chenu. Akisema "nzuri sana, hongereni", rudini mezani. Akiuliza "sasa yule mtoto alikwenda wapi?" msimjibu.

Tunaruhusiwa kuweka wimbo wa Bongo Fleva unaovuma? (Uvinza)

Bila ruhusa ya wenyewe, hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haiulizi kama wewe ni mwanafunzi, na YouTube inaweza kuutambua na kuizuia video au kuinyamazisha. Isitoshe, wimbo unaovuma mtu ana kumbukumbu zake humo, atakuwa anafikiria disko la Krismasi. Mtafuteni mzee anayejua ngoma za Waha, mumlipe, mwandikiane karatasi. Ngoma moja, mkono mmoja, ikianza polepole.

Tukituma kwa WhatsApp inakuwa na ukungu. (Wengi)

Itumeni kama dokumenti, si kama video. Na msifute picha za awali kwenye simu mpaka ziwe zimehifadhiwa sehemu mbili, moja iwe kwa mtu asiyekuwa na mdogo wake anayependa gemu.