Lami ikishafika mtaani, dai mwendo upungue

Dar hii mtaa ukiwekewa lami watu wanafurahi mpaka basi, na ni haki yao kabisa, vumbi limeisha, bajaji inafika mpaka mlangoni. Ila ngoja kidogo tu. Boda waliokuwa wanatambaa kwenye mashimo sasa wanapita wamelala juu ya tenki, gari zinazokwepa foleni ya barabara kubwa zimeshagundua njia ya mkato, na dogo anayetumwa sukari dukani anavuka palepale alipokuwa anavuka zamani, vilevile bila kuangalia maana zamani hapakuwa na cha kuangalia. Mimi usafiri wangu ni baiskeli, Kinondoni na Ubungo napita sana, na nilikuwa mmoja wa waliosukuma barua ya mtaa wetu mpaka tukapata tuta na zebra karibu na shule, kwahiyo nayoandika hapa ni ya barabarani, sio ya semina.

Kwenye mkutano wa mtaa lazima atasimama mtu aseme tujengewe daraja la juu kama yale ya Morogoro Road, na watu watapiga makofi. Msikubali haraka. Daraja kwenye barabara ya njia nane lina maana yake, lakini kwenye barabara ya mtaani yenye njia mbili linagharimu hela nyingi na watu hawapandi. Mama ana ndoo ya samaki kichwani apande ngazi zote zile ashuke upande wa pili? Mzee wa magoti je? Mimi na baiskeli yangu yenye kreti nyuma nabebaje? Wote tutapita chini, halafu tukigongwa tutaambiwa daraja lipo kwanini hamkulitumia. Yani daraja linamhamisha anayetembea ili gari lisisumbuke, wakati anayeleta hatari ni mwenye gari na mwendo wake.

Na mwendo una hesabu yake. Gari likiwa 50 kwa saa, dereva aliye makini anakula kama mita 14 kabla mguu haujafika kwenye breki, halafu mita 14 nyingine mpaka gari lisimame, hapo lami kavu na breki nzima. Jumla 28, Coaster nne zilizopangana. Akiwa 30 anasimama ndani ya mita 13 hivi, Coaster mbili hazijatimia. Sheria yetu ya usalama barabarani ya 1973 inaruhusu 50 maeneo ya makazi, sasa fikiria hiyo ndo halali, kwenye geti la shule ya msingi hata hiyo halali ni nyingi mno.

Kabla hamjaandika barua pimeni wenyewe, hamhitaji kile kitochi cha trafiki. Chukueni futi ya fundi, pimeni mita 50 kando ya barabara, wekeni alama mbili, halafu mmoja akae na saa ya simu. Gari likigusa alama ya kwanza bonyeza, likipita ya pili bonyeza tena, chukua 180 gawanya kwa sekunde ulizopata. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa, sekunde 3.6 ni 50, na ukiona mtu kapita kwa 2 na nusu ujue huyo alikuwa 72. Kaeni kwenye kibaraza kama mnapiga stori tu, maana wakiwaona mmesimama na kikoti cha njano wote wanakuwa wastaarabu ghafla na vipimo vyenu havina maana tena. Nendeni saa 12 na nusu asubuhi watoto wakienda shule, na jioni, na usiku kidogo, usiku ndo wanakimbia kweli.

Hapohapo angalieni watu wanavukia wapi kihalisi. Sio wanapotakiwa kuvukia, wanapovukia. Mara nyingi utakuta wanafuata kichochoro, bomba la maji, duka la mangi na geti la shule. Zebra ikichorwa mita 80 mbali kwasababu pale palionekana pamenyooka, hakuna atakayeifuata. Kuna shirika linaitwa Amend limefanya kazi hii kwenye shule za Dar kupitia mradi wa SARSAI, wa kukagua na kurekebisha barabara karibu na shule, wakapewa tuzo ya miji ya dunia ya WRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti, mwaka 2019, na ukiangalia walichofanya ni vitu vya kawaida kabisa, tuta, njia ya miguu, nguzo fupi, alama, wakati mwingine kuhamisha geti la shule litazame upande wenye gari chache. Hilo la geti watu hawalifikirii kabisa na ni rahisi kuliko kuhamisha barabara.

Haya, barua inaenda wapi? Watu wengi wanakwama hapa. Wakala wa serikali wa barabara ni wawili: barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, za mitaani na za wilaya ni za TARURA, iliyoanzishwa 2017. Ukipeleka ombi sehemu isiyo yake linalala. Barua ipite kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa apige muhuri, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani, na mwalimu mkuu aweke sahihi kama ni karibu na shule, sahihi ya mwalimu mkuu ina uzito wa ajabu. Ambatanisheni picha na vile vipimo vyenu. Halafu hakikisheni nakala yenu inagongwa imepokelewa na tarehe. Sisi kuna ofisi barua ilipotea, tukaambiwa haikuwahi kufika, tukatoa nakala yenye muhuri wao, mjadala ukaisha hapohapo. Kingine ni muda, mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na bajeti zinapikwa miezi mingi kabla, ukipeleka ombi mwezi wa 5 hata likikubalika utaambiwa subiri mwaka ujao, kwahiyo pelekeni mapema, kabla Januari haijaingia ikiwezekana. Ile ya kusubiri mtoto agongwe ndo watu wafunge barabara kwa mawe na matairi ya moto tunaijua wote, tuta linakuja haraka kweli, ila bei yake si mmeiona.

Mnapoomba semeni mnachotaka kwa jina. Mkiandika tu "tunaomba alama" mtaletewa rangi, na zebra ya rangi peke yake kwenye mji huu dereva anaiona kama pambo. Ombeni zebra iliyo juu ya tuta, tuta pana lenye bapa juu, gari linapanda linashuka taratibu na anayevuka anavuka akiwa ameinuliwa anaonekana. Yale matuta membamba makali kama tofali lililolazwa siyapendi, yanavunja spoku, yanamwaga mizigo ya watu wa mikate, na ambulansi nayo inateseka. Na tuta lifike mpaka kwenye mtaro! Likiachwa na upenyo pembeni boda wote watapita pale pembeni, na pale pembeni ndo kuna watu. Nguzo fupi za zege zinasaidia kuwazuia kupanda njia ya miguu, ila ziachiwe nafasi ya kiti cha magurudumu kupita. Mifuniko ya mtaro nayo muitaje, maana mtaro uliofunikwa vizuri ndo njia ya miguu yenyewe kwenye mitaa yetu mingi.

Kuhusu wauza genge na mama lishe waliokaa njia ya miguu, mi sio wa kusema wafukuzwe. Mwaka 2021 machinga waliondolewa kando ya barabara za mjini na mjadala wake mnaukumbuka. Kwetu tulikaa nao tukakubaliana waache upana wa watu wawili kupishana, wengi wameheshimu, wachache wanasogeza meza kila wiki kwa inchi moja moja, ndo binadamu. Kijiwe cha boda je? Kikiwa kimekaa juu ya zebra kinaziba, dereva hamuoni mtoto mpaka ameshatokeza. Ongeeni na mwenyekiti wao, boda nao wanagongwa sana tu, ukiwajia kwa heshima wanaelewa kuliko watu wanavyodhani.

Sasa wenzangu wa baiskeli, wakati mnasubiri hayo yote. Msiendeshe kwenye ukingo kabisa wa lami, pale kuna mchanga na vyuma vya mtaro vyenye nafasi ya kumeza tairi nyembamba, kaa kama mita moja kutoka ukingoni, dereva atapiga honi lakini amekuona, na honi haijawahi kuvunja mtu mguu. Daladala ikiwa mbele yako na konda ameanza kugonga bodi, usipite kushoto, inaingia kituoni na inaingia bila taarifa. Lori linalokata kushoto mwachie kabisa, dereva wake hakuoni upande ule. Masika dimbwi lolote lichukulie ni shimo. Njia ya mwendokasi usiingie hata kama ni nyeupe, lile basi halina pa kukukwepea.

Usiku weka taa, na kama hela imekata nenda duka la spea nunua kipande cha ile stika nyekundu na nyeupe ya malori, zungushia keria na mikono ya pedeli, ikipigwa taa inapanda na kushuka na dereva anajua hapo kuna mtu. Na wa miguu, pasipokuwa na njia yenu tembeeni kulia mkiangalia gari zinazokuja, sio kuzipa mgongo.

Halafu zebra ikishachorwa msiiache. Rangi ya kwetu ilikuwa imefifia masika mbili tu, tukarudi na barua nyingine, safari hii fupi, na picha mbili, kabla na sasa.