Pasi ya treni kwa watoto wa miaka 7 na 10

Umeuliza kama watoto wako wa miaka 7 na 10 watalipiwa pasi ya treni Ulaya. Hawalipi, dada. Pasi ya Interrail (tiketi moja ya kupanda treni katika nchi nyingi za Ulaya) ni bure kwa watoto wa miaka 4 hadi 11, mradi wawe na mtu mzima mwenye pasi, na kila mtu mzima anaruhusiwa watoto wawili. Ila lazima uwaombee pasi yao ya bure pamoja na yako wakati wa kununua. Msiende stesheni mikono mitupu mkidhani watapita tu. Umri unaohesabika ni wa siku pasi inapoanza kutumika, kwa hiyo hata mtoto akitimiza 12 katikati ya safari hakuna neno.

Kinachowauma wengi ni bukingi ya viti. TGV (treni za kasi) za Ufaransa, Eurostar (treni ya kasi ya kati ya London na bara la Ulaya) na treni za kasi za Italia na Uhispania zinailazimisha, na hiyo hulipiwa juu ya pasi, mtoto naye analipiwa. Sisi na wanetu watatu tuliishia kuzunguka zaidi Ujerumani, Austria na Uswisi, ambako treni nyingi unapanda tu bila bukingi. Luxembourg ndiyo raha yenyewe: tangu 2020 mabasi na treni za ndani ni bure kwa kila mtu (daraja la kwanza tu ndilo la kulipia).

Halafu Interrail ni ya wakazi wa Ulaya. Kama bibi yao anakuja kutoka Mombasa kuungana nanyi, yeye atanunua Eurail, pasi kama hiyo ya wasio wakazi wa Ulaya.